Cherehani Iliyochechemea

Wimbo wenyewe ulikuwa wa hovyo, na wa kwanza kulijua hilo alikuwa mtunzi mwenyewe. Aliutunga asubuhi moja akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kinanda mapajani, huku mkewe akishona sare za shule upande wa pili wa chumba hichohicho. Ulikuwa na maneno ya kitoto na kiitikio ambacho hata mlevi angekishika kwa kukisikia mara moja:

Hodi hodi, sikukuu, fungua mlango,
Mwaka mzima nakungoja, njoo na shangwe,
Hodi hodi, lala-lala, hodi hodi, la,
Nani kasema hatuchezi? Leo tunacheza!

"Baba Nesi," mkewe alisema bila kuinua macho kwenye sindano, "huo ni wimbo au ni mtu anauza sabuni?"

"Ndivyo wanavyotaka. Wametangaza redioni. Wimbo wa sikukuu, wa kuchangamsha, wa familia nzima. Ile kampuni ya soda. Hawakusema wanataka wimbo mzuri."

"Basi wameupata," Mama Nesi akasema, akakata uzi kwa meno.

Mtaani walimwita Profesa. Walimpachika jina hilo kwa sababu hakupiga kinanda harusini bila koti na tai, na kabla ya kila wimbo alisimama kwanza akaueleza, wageni wakiwa wamekwisha shika sahani. Alikuwa amepiga kwenye harusi za watu kwa miaka kumi na tisa. Chini ya kitanda alikuwa na daftari la nyimbo zake za kweli, nyimbo za kuachana na kufiwa, ambazo hakuna bwana harusi aliyewahi kuziomba. Huu wa "Hodi Hodi" aliuonea aibu hata kuuimba kwa sauti, akamwachia binti yake.

Binti naye alikuwa Nesi tangu ana miaka sita, siku alipomfunga kuku wa jirani mguu kwa vitambaa vya mama yake na kumlaza kwenye kapu wiki nzima. Kuku alipona, jina likabaki. Sasa alikuwa amefikisha miaka kumi na tisa na alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Barua ilibandikwa kwenye kioo cha kabati, kwa hiyo kila aliyechana nywele aliisoma: aripoti tarehe nne ya mwezi wa kwanza, na nusu ya ada ya mwaka mkononi. Asiyeripoti, nafasi yake atapewa anayefuata kwenye orodha. Nusu hiyo ya ada haikuwepo, na mwezi ule harusi zilikuwa zimekauka.

Walirekodi hapohapo. Profesa aliining'iniza simu kabatini katikati ya nguo ili sauti isipige mwangwi, akamwomba mkewe asimamishe cherehani kwa dakika tatu tu.

"Sare arobaini zinatakiwa saa sita," Mama Nesi akajibu. "Imbeni. Mashine haiwaumi."

Basi waliimba mashine ikienda. Cherehani ile ya kukanyaga aliachiwa na mama yake mzazi. Siku ya kuhama ilianguka kutoka kwenye mkokoteni, ule mkono wa chuma unaounganisha pedeli na gurudumu ukapinda kidogo, na tangu siku hiyo ilikuwa inachechemea: taka-taka-tak, inanyamaza kama inayokumbuka jambo, halafu tak. Mshono ulitoka vizuri, ila mwendo ulikuwa wa kilema. Mwishoni mwa wimbo Mama Nesi alisikika akisema, "Zimeni hiyo, mmenipotezea kipimo." Profesa aliutuma vivyo hivyo, kwa kuwa mlango wa mashindano ulikuwa unafungwa siku ileile, na moyoni alijua hatasikia neno tena.

*

Simu ilipigwa Alhamisi, Profesa akiwa nje anaanika shuka. Sauti ilikuwa ya dada mchangamfu, mwenye haraka.

"Naongea na mtunzi wa Hodi Hodi? Hongera. Bosi ameupenda. Tumeuweka wa kwanza."

Profesa alishika kamba ya nguo.

"Ila kaka yangu, mliurekodia wapi, jikoni? Tunataka kila sauti ije peke yake. Kinanda peke yake, ngoma peke yake, mwimbaji peke yake, ili mwimbaji wetu aweke jina la soda. Uje Jumatatu saa nne ofisini. Ukikabidhi, unalipwa papo hapo." Akataja kiasi. Kilitosha ada ya miaka yote mitatu, na chenji. "Halafu, samahani, bosi ameniambia nikuulize. Ile ngoma inayochechemea ni ngoma gani? Tumebishana ofisi nzima. Ndiyo inayotuinua vitini."

Kupitia dirisha Profesa alimwona mkewe ameinama, pini nne mdomoni, mguu unakanyaga. Miaka kumi na tisa hakuna mkubwa aliyewahi kumuuliza lolote kuhusu kazi yake. Leo kaulizwa, na kilichoulizwa ni kelele ya cherehani. Ilimchoma.

"Ni ngoma ya kwetu," alisema. "Ya zamani. Naipiga mwenyewe."

"Jamani! Basi usije ukaisahau."

"Nitaisahau vipi?"

Aliingia ndani akawaeleza yote: wa kwanza, Jumatatu, saa nne, papo hapo. Nesi alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Mama Nesi alikaa juu ya rundo la sare, akafunika uso kwa futi yake ya kupimia. Neno moja tu Profesa alilibakiza kinywani, lile la ngoma, akaona halina uzito.

"Sasa hizo sauti za peke yake peke yake," Mama Nesi aliuliza alipotulia, "simu inaweza?"

"Haiwezi. Inatakiwa studio. Na mwenye studio halambi ahadi, anataka chake mezani kabla hajawasha taa."

Macho ya Mama Nesi yalizunguka chumba: kitanda, kabati, kinanda ambacho studio ingekihitaji, halafu cherehani. Yakatua hapo.

"Mama Mitindo, yule mwenye duka la kushona sokoni, ameshaniomba nimuuzie hii mara mbili," alisema.

"Usiuze cherehani ya mama yako."

"Kwa nini? Wakilipa Jumatatu, Jumanne nanunua ya umeme. Hii inachechemea mpaka wateja wananiuliza kama inaumwa." Alimtazama mumewe. "Au kuna sababu?"

Sababu ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ilikuwa sentensi moja: ofisi nzima wameipenda sauti ya mashine yako. Lakini kuitamka kulikuwa ni kukiri kwamba wa kwanza hakuwa yeye. Isitoshe, ndani ya kinanda chake mlikuwa na ngoma mia mbili za kubonyeza, na mtaalamu hakosi ngoma.

"Hakuna sababu," akasema.

Kabla mkokoteni haujaja, Mama Nesi alikanyaga kazi moja ya mwisho. Alikuwa na kipande cha kitambaa cheupe alichokihifadhi tangu barua ya chuo ilipofika. Alimshonea binti yake sare ya uuguzi, mifuko miwili mbele, kola ndogo, pindo refu kwa sababu Nesi hakupenda magoti kuonekana. Nesi aliivaa akajitazama kwenye kioo, pembeni ya barua. Kisha mama aliipiga pasi, akaikunja, akaitia kwenye mfuko.

*

Jumamosi studio walifanya kazi kuanzia asubuhi hadi jioni. Profesa alivaa koti. Alibonyeza ngoma hii na ile, akachagua moja nzito, iliyonyooka, isiyokosea hata nukta. Alipanga kinanda mara tatu juu yake, akaongeza mbinu kidogo alizozitoa kwenye lile daftari la chini ya kitanda. Nesi aliimba akiwa amevaa vidude vya masikioni vilivyomfanya acheke. Kijana wa studio hakusema neno, alifanya alichoambiwa. Profesa aliposikiliza mwisho, kwa mara ya kwanza wimbo ule haukumtia aibu. Ulikuwa msafi. Alirudi nyumbani akitembea kifua mbele.

Jumatatu saa nne kasorobo alikuwa mapokezi. Mlinzi alimwandikisha kwenye kitabu, akakisoma alichoandika, akamwambia aandike upya kwa herufi kubwa. Alikalishwa kwenye kiti kirefu chini ya picha ya familia inayocheka na chupa. Walimletea soda. Hakuifungua, aliificha kwenye mfuko wa koti ampelekee Nesi, na ilimgonga ubavuni kila alipopumua.

Bosi alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi na mtu anayejua kazi. Aliuweka wimbo kwenye spika. Profesa alitazama mikono ya bosi mezani. Hakikutikisika hata kidole. Kiitikio kilipita, kikapita tena.

"Ngoma iko wapi?" bosi aliuliza.

"Ndiyo hiyo, bosi. Nimeisafisha."

"Umesafisha nini? Ile nyingine. Ile ya…" Bosi akaigonga mezani kwa vidole, taka-taka-tak, akanyamaza, tak, na ajabu ni kwamba aliipatia. "Ile iko wapi?"

"Niliona hii ina uzito zaidi."

"Mzee wangu, kompyuta hii ina nyimbo kibao zenye ngoma hiyo uliyoleta. Wako nimeuchukua kwa ajili ya ile." Hakufoka. Laiti angefoka. Akamgeukia yule dada wa simu, aliyeketi pembeni. "Dada, si alisema anaipiga mwenyewe?"

"Alisema ni ngoma ya kwao," dada akajibu, akimtazama Profesa kwa huruma.

"Unayo bado?"

Palikuwa na mlango hapo, na ulikuwa wazi. Angesema, bosi, ile ni cherehani ya mke wangu, tumeiuza ili tulipe studio, iko kwa mwanamama fulani sokoni. Huenda bosi angecheka, akatuma gari na mtu mwenye mitambo siku hiyohiyo. Huenda angeupenda wimbo zaidi. Lakini Profesa alikuwa amevaa koti na tai, na mtu aliyevaa koti na tai hawezi kusema cherehani.

"Ninayo," alisema.

"Basi niletee hiyo peke yake, dakika tatu. Kesho saa nne. Jumatano matangazo yanaanza, yakipita hapo sikukuu imekwisha na huu wimbo hata bure siutaki. Kuna wa pili uko tayari hapa."

*

Mama Nesi alikuwa amepika mapema siku hiyo, na kwa furaha alikuwa amemkaribisha na jirani. Alipoona uso wa mumewe mlangoni, alimwomba jirani radhi, akamsindikiza mpaka nje.

"Wamekataa?"

"Hawajakataa. Wanataka kitu kimoja." Alikuwa bado amesimama. "Wanataka ile sauti ya cherehani."

"Sauti ya cherehani ya nini?"

"Ile iliyosikika nyuma. Wanadhani ni ngoma."

Mama Nesi alitaka kucheka, kicheko kikaishia njiani. "Wamekuambia leo?"

Profesa alitoa soda mfukoni akaiweka mezani, akaivuta kidogo, akairudisha.

"Baba Nesi. Nimekuuliza. Wamekuambia leo?"

"Alhamisi. Yule dada aliniuliza kwenye simu ni ngoma gani."

"Ukasemaje?"

"Nilisema ni ngoma ya kwetu. Naipiga mwenyewe."

Nesi, aliyekuwa kitandani, aliacha kula.

"Alhamisi," Mama Nesi alisema polepole. "Na mimi nikakuuliza hapahapa, kuna sababu ya kutoiuza? Nilikuuliza au sikukuuliza?"

"Uliniuliza."

"Ulikuwa unajua."

"Nilidhani haina maana, Mama Nesi. Nilidhani ngoma yoyote—"

"Hukudhani. Uliona haya. Uliona haya kuwaambia watu wakubwa kwamba ni cherehani ya mama yangu." Sauti yake haikupanda, ila aliibana mikono chini ya makwapa. "Miaka yote hii nakushonea mimi hayo makoti."

Profesa aliinamisha kichwa. Nesi ndiye aliyeinuka kwanza. Alivaa viatu, akachukua simu ya baba yake mezani.

"Saa nane hii," alisema. "Mama Mitindo hajafunga. Twendeni tukarekodi, mtagombana baadaye."

*

Duka la Mama Mitindo lilikuwa na vioo mbele na cherehani sita ndani, tano za umeme. Ya sita ilikuwa kwenye kona karibu na dirisha, imesuguliwa hadi inang'aa, Mama Nesi nusura aipite. Mtengenezaji wa mashine, mzee mwembamba mwenye mafuta hadi kwenye kope, alikuwa anafuta mikono.

"Karibu, mwenyewe wa zamani!" alimchangamkia. "Njoo uone. Hii mashine mlikuwa mnaitesa bure. Ule mkono ulikuwa umepinda, nimeunyoosha. Bolti nimekaza zote. Kanyaga usikie."

Mama Nesi alikaa. Akaweka mguu pale alipouweka tangu usichana wake, akakanyaga. Cherehani ilienda taka-taka-taka-taka, bila kusita, mpaka mwisho wa kitambaa.

"Kama maji," mzee akasema kwa fahari.

Nesi, aliyekuwa ameshaanza kurekodi, aliizima simu.

"Mzee wangu," Profesa alisema, "unaweza kuupinda tena?"

"Kupinda nini?"

"Huo mkono. Kama ulivyokuwa."

Mzee alimtazama Profesa, akamtazama Mama Mitindo, akarudi kwa Profesa. "Miaka thelathini natengeneza mashine. Watu huniomba ninyooshe."

"Nitakulipa kesho. Kesho saa tano utakuwa na chako."

"Si malipo, ndugu yangu. Hata nikiupinda, nitaupinda kivyangu. Ule uliangukia mahali pake, na bolti nazo zililegea kwa miaka yake. Siwezi kuurudisha hivyohivyo."

"Jaribu tu!"

"Na mimi je?" Mama Mitindo aliingilia. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sindano zimechomekwa kifuani, na hakuwa mtu mbaya. Aliinunua mashine kwa bei ya haki, na siku alipotuma mkokoteni kuichukua alimpa Mama Nesi na nauli juu. "Mashine ni yangu sasa, jamani. Nina sare mia za kutoa kabla shule hazijafungua. Niivunje niliyoitengeneza, kwa ajili ya wimbo?"

Profesa akapiga magoti. Alipiga magoti pale sakafuni penye vipande vya nyuzi, na koti lake na tai yake, mafundi watano wakisimamisha mashine zao kumtazama. Mmoja akacheka kwa kudhani ni mchezo. "Mama, ni chuo cha mwanangu. Si wimbo. Ni mwanangu."

"Inuka, baba," Mama Mitindo alisema, ameona aibu kwa niaba yake. "Inuka, wateja wanaona. Kurekodi rekodini mpendavyo, nitawazimia hizi nyingine. Ila kuiharibu, hapana."

Akazima. Duka likanyamaza. Nesi akaishikilia simu karibu na pedeli, na Mama Nesi akajaribu kuchechemea. Alikanyaga mara tatu, akauzuia mguu, akakanyaga tena. Haikuwa sawa. Mguu wake ulikuwa umeizoea ile mashine kwa miaka ishirini bila kuijua, haukuwahi kuhesabu, na sasa ulipoambiwa uhesabu ulipotea. Alijaribu kwa mguu mwingine. Alivua kiatu. Alifumba macho akamfikiria mama yake. Walirekodi mara kumi na moja, mafundi wakitazama saa, mpaka kisigino kikachubuka na Mama Mitindo akasema kwa upole kwamba anataka kufunga.

"Hii ya tisa imekaribia," Profesa alisema njiani. "Au siyo, Nesi? Ya tisa?"

"Imekaribia, baba," Nesi akasema.

*

Saa nne ya Jumanne hawakumpandisha juu. Dada alishuka mwenyewe mapokezi, akaweka vidude masikioni, akasikiliza ile ya tisa akiwa amesimama. Profesa alimsoma uso. Dakika ya kwanza dada alifunga macho akingoja, na dakika ya pili akayafungua.

"Kaka yangu," alisema, "huyu ni mtu anajaribu."

"Dada, ukweli ni kwamba ile ilikuwa cherehani. Ya mke wangu. Ilikuwa imepinda, na tukaiuza, na wakainyoosha." Yalimtoka yote kwa mkupuo, mlinzi akisikiliza. "Nilikudanganya siku ile kwenye simu."

Dada akaliuliza lile ambalo Profesa angelisikia kila siku ya maisha yake.

"Sasa kwa nini hukusema? Tungekuja kurekodi kwenu."

Alimpa mkono, akamwambia watawasiliana. Jumatano jioni wimbo wa pili ulianza kupigwa redioni. Ulikuwa wa hovyo kuliko wa Profesa, ulisema soda mara nane, na kufikia Ijumaa watoto wa mtaa mzima walikuwa wanauimba.

Sikukuu ilikuja ikapita. Profesa alikiuza kinanda, lakini baada ya sikukuu hakuna anayenunua kinanda kwa bei ya maana. Tarehe nne alikwenda chuoni mwenyewe na kilichopatikana, amekikunja kwenye bahasha, akaomba wiki mbili. Karani alimjibu kupitia kidirisha kwamba si yeye anayepanga, orodha ni ndefu, na wengine nao ni watoto wa watu. Profesa alisubiri mpaka kidirisha kikafungwa. Aliporudi nyumbani, Nesi hakumuuliza. Aliibandua ile barua kwenye kioo kwa kucha, taratibu, ili isiache alama.

*

Mama Nesi sasa alikuwa anashona kwa Mama Mitindo, analipwa kwa kipande. Alipewa mashine ya kona, kwa kuwa ndiye aliyeijua. Nesi alikaa kando yake akishona vifungo na kukunja pindo. Profesa aliwaletea chakula mchana, akakiacha mlangoni, hakuingia. Mama Nesi hakuwa amemfukuza wala hakuwa amemsamehe. Alimwambia yaliyohitaji kuambiwa: unga umekwisha, mlango ufungwe.

Tarehe saba aliingia mteja mmoja, mama wa makamo, anahema, mkoba umemning'inia kwenye kiwiko. Hakuweza kuzuia furaha, ilimmwagika kabla hajasalimia.

"Shikamooni. Jamani nisaidieni, nimezunguka maduka yote. Nataka sare ya uuguzi, nyeupe, leo hii. Binti yangu hakuwa amechaguliwa, alikuwa kwenye orodha ya kungoja. Jana asubuhi wakampigia simu! Eti kuna mwenzao hakuripoti. Kesho saa mbili anatakiwa awe ndani. Nimelia, nimecheka, hata sijui nilichofanya."

"Hongera, dada," Mama Mitindo alisema. "Lakini nyeupe kwa leo…" Habari za Nesi na chuo alikuwa ameziuliza kidogo kidogo mpaka akazijua zote. Aligeuka kutazama vitambaa ukutani.

Mashine ya kona ilikuwa imesimama. Mama Nesi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Ana mwili gani?" Nesi aliuliza.

Mteja alimtazama, akatabasamu. "Kama wewe. Ila mfupi kidogo."

Nesi aliinuka. Nyumbani hapakuwa mbali. Alikwenda na akarudi na mfuko, akaitoa sare akaikung'uta, akaishikilia mbele ya kifua chake ili mteja aione. Mifuko miwili, kola ndogo. Mteja alikipapasa kitambaa, akaugeuza mshono, akasema hajawahi kuona kazi safi hivyo.

"Hii mliishona kwa ajili ya nani?"

"Kwa mteja," Nesi akasema. "Hakuja kuichukua."

Mama yake alimpisha kitini bila kuambiwa. Nesi alikaa kwenye cherehani ya bibi yake, akapima pindo kwa vidole vinne, akalikata, akalikunja, akaweka mguu kwenye pedeli. Mteja alisimama nyuma yake akimsifia. Cherehani ilikwenda moja kwa moja kuzunguka pindo lote, haikusita mahali popote, na ilipofika pale ilipoanzia, Nesi akainama akakata uzi kwa meno.